Mashine ya sikio ya baba: duka la ghorofani, Moshi mjini

Nianze na bei, maana mimi ni mtu wa soko na najua wengi mnaosoma hapa mnatafuta hiyo kwanza. Sikio moja ni laki nane na nusu. Ndani yake kuna kipimo, kizibo cha kuchongwa kufuata sikio la mhusika, kadi mbili za betri, na marekebisho ya mwaka mzima bila kulipa tena. Sikio la pili bado tunadunduliza. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitawaambia kwa nini nimeizuia.

Jina la duka msiniulize, hata ukutani halipo. Kuna picha ya sikio kubwa iliyopaukia juani na maandishi "MASHINE ZA KUSIKIA, JUU". Ni mwendo mfupi kutoka stendi kuu ya Moshi. Mwulize bodaboda yeyote pale, atakuonyesha kwa kidevu.

Mimi nauza mitumba soko la Memorial. Kazi yangu ni kugeuza kitu, kuvuta mshono, kukiinua kwenye mwanga, ndipo niseme bei. Mashine ya sikio huwezi kuigeuza ukaijua. Kidude chenyewe ni kidogo kama punje ya haragwe, kinakaa nyuma ya sikio, kina mrija mwembamba unaoingia kwenye kizibo, basi. Unaambiwa laki nane na nusu na huna pa kuvuta mshono. Ndiyo maana naandika kirefu. Mtu mwenye mzee nyumbani apande zile ngazi akijua anakwenda kununua nini.

Mwenye sikio ni baba yangu. Amevuka sabini, yuko kihambani Kibosho na migomba yake, na kwenye vita vya Kagera alikuwa upande wa mizinga.

Kwa mliozaliwa juzi: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa ambao leo unaitwa Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, yakachoma nyumba, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, ambayo hata sisi tuliokuja nyuma tunaijua kwa kichwa. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika elfu arobaini. Katika wiki chache wakaongezwa wanamgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, idadi ikavuka laki moja. Baba hakuitwa, alikuwa tayari ndani. Alipangwa tu.

Ukimwomba baba akusimulie vita, anakutajia vituo kama kondakta: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi. Anaishia hapo, anaomba chai. Yaliyo katikati tumeyaokota kwa wengine. Kwamba Masaka ilipigwa kwa mizinga mpaka ikabaki magofu. Kwamba Lukaya, Machi 1979, walikuta na Walibya wamekuja kumsaidia Amin. Kwamba kutoka Mpigi mizinga yetu ilikuwa inafika Entebbe. Waganda wenyewe waliyaita maroketi ya Tanzania "Saba Saba", na mpaka leo ukikutana na Mganda mtu mzima ukamtajia jina hilo anatikisa kichwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, lakini vijana hawakurudi. Walisonga kaskazini mpaka karibu na Sudan, na vita vikaisha tarehe 3 Juni.

Mama anaikumbuka Machi hiyo kwa upande wa huku. Waganda waliokimbia nchi yao walikutana hapa hapa Moshi, tarehe 24 hadi 26, wakaunda umoja wao wa ukombozi, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Mama alikuwa binti, anauza ndizi mjini, anasema hajawahi kuona suti nyingi vile barabara moja. Siku hizi baba akisikia hiyo habari (ndiyo, siku hizi anasikia) anajibu: "Wao walikuwa wanapiga kura, sisi tunapiga mizinga. Kura haimharibu mtu sikio."

Basi alirudi. Miguu miwili, mikono miwili, macho yote. Ukoo ukachinja, ukashukuru Mungu kwamba kijana amerudi mzima. Nchi nayo ilikuwa hoi. Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi kumi na minane, sabuni na sukari vikawa vitu vya kupangia foleni. Katika hali ile nani angemwuliza askari habari za masikio yake? Hata yeye hakusema. Alikuwa na mlio ndani ya kichwa, anasema ulianza Masaka na hakuwahi kuuambia mtu, akidhani ni uchovu.

Uziwi wa namna hii hauji siku moja. Nyumbani tulijua tu kwamba baba ni mkali. Ukimwita mara ya kwanza haitiki, mara ya tatu anakujibu kwa sauti ya kukoromea. Kanisani alisimama wakati wenzake wameshaketi. Kilabuni, kwenye mbege, alikuwa anacheka wengine wakicheka, kisha akaacha kwenda. Wajukuu waliokuja likizo wakasema babu anaringa, wanamsalimia hawajibu. Sauti za watoto ndizo zilizotangulia kupotea, na sababu yake nilikuja kuelezwa pale dukani.

Kabla ya hilo duka kuna mambo mawili lazima niyaseme, yatawaokolea fedha.

La kwanza, vile vidude vinavyouzwa mtandaoni na kwa wamachinga kwa elfu arobaini, hamsini. Kaka yangu anakaa Arusha, Sakina, alimletea baba kimoja Krismasi akiwa na furaha kweli. Kile si mashine ya kusikia, ni spika. Kinakuza kila kitu kwa kiwango kimoja: mlango, kijiko, jogoo, upepo. Na mtu aliyeharibiwa na mizinga hana shida ya sauti zote. Sauti nzito anazisikia vizuri tu, kwa hiyo unamwongezea kelele kule ambako hakupungukiwa. Baba alikivaa chakula kikiwa mezani, akakivua kabla ya mtori kwisha, akakiweka juu ya kabati. Hajakigusa tena.

La pili ni ofa. Kuna duka jingine, la Arusha, ambalo kila Julai hubandika tangazo: bendera ya taifa, picha ya askari amepiga saluti, na maandishi makubwa ya punguzo la asilimia thelathini kwa mashujaa wetu. Niliwapigia simu Juni nikauliza bei, nikaiandika. Julai nikapiga tena. Bei baada ya punguzo ilikuwa ile ile ya Juni. Sokoni hesabu hiyo tunaijua, unapandisha bei ya shuka asubuhi uishushe jioni mteja afurahi. Lakini shuka haina picha ya askari. Kuweka sura ya aliyepigana Lukaya kwenye mtego wa bei, hapo mimi nilikata simu.

Sasa duka lenyewe.

Anayepima ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Tulipoingia alisimama, "Shikamoo mzee wangu," akapokea fimbo, akazima feni, akavuta kiti akaketi mbele ya baba uso kwa uso. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze shida, kama tunavyofanya kila mahali tukiwa na baba. Kijana akaniambia kwa adabu, "Mama, naomba kwanza nimsikie mwenyewe." Miaka mingi nimempeleka baba hospitali, benki, ofisi za pensheni, na kila mahali watu wanaongea na mimi juu ya kichwa chake. Pale ndipo nilipoanza kutoa nyota, kabla hata ya kuiona mashine.

Alimwuliza alikuwa anafanya kazi gani. "Jeshi." Sehemu gani? "Mizinga." Kijana akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo sisi watoto wake hatujawahi kuliuliza: "Mzinga ulikuwa unakaa upande gani wako?" Baba akainua mkono wa kushoto. Hata kipimo hakijaanza, kijana akaandika kwamba la kushoto litakuwa bovu zaidi. Na kweli.

Kipimo chenyewe ni kibanda kidogo chenye kuta nene, unavaa spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Baadaye unaonyeshwa grafu. Ya baba ilikwenda vizuri kwenye sauti nzito, ikafika sauti nyembamba ikaporomoka. Kijana alitueleza hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinapokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Binadamu huzaliwa navyo na vikifa havioti tena. Mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 unaweza kuviua papo hapo, na mlipuko wa mzinga unafika huko na kupita. Wanaotangulia kufa ni wale wa sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba unaongea, ila hasikii unasema nini, maana "s", "f", "sh" na "th" zimeondoka. Ukisema "sita" anapata "ita". Na sauti za wanawake na watoto zinaishi huko huko kwenye nyembamba.

Nilimwangalia baba. Nikawakumbuka wajukuu na ile habari ya kuringa. Sikusema kitu, maana kijana alikuwa bado anaongea, anamweleza baba kwamba mashine haitarudisha kilichokufa, itabeba tu sauti nyembamba na kuzipandisha pale anapoweza kuzipata. Baba akamwuliza, "Zinazima ule mlio?" Kijana akamjibu kweli: hauzimi, lakini watu wengi wakisikia mengine wanausahau. Nimependa sana kwamba hakudanganya. Muuzaji mwingine angesema ndiyo.

Akatuonyesha za aina tatu za bei. Ile ya juu, ya milioni mbili na ushee, inaunganishwa na simu. Nikamwuliza baba anahitaji ipi, maana nilishaanza kupiga hesabu ya marobota. Kijana akasema, "Mzee anakaa shambani, simu yake ni ya vitufe. Hiyo ya juu ni kwa mtu wa vikao." Akatupa ya chini. Punguzo nililiomba, na aliligomea. Alisema bei ni hiyo, ila huyu mzee nitakwenda naye mpaka asikie.

Hapo ndipo penye maana ya hili duka kwangu. Sisi hatuna desturi ya kumsimamisha mstaafu njiani tumshukuru. Tunasubiri 25 Julai, Siku ya Mashujaa: gwaride, mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua, dakika ya ukimya. Ni jambo zuri na lisiondolewe. Lakini tarehe 26 mzee anaamka na sikio lake lile lile. Huyu kijana hakutoa hotuba wala hakubandika bendera. Alichofanya ni kuweka sauti, kutuambia turudi, kuishusha kidogo, kutuambia turudi, kuchonga upya kizibo kilichokuwa kinamchoma, kubadilisha mrija ulioziba, na kila mara anazima feni na kukaa uso kwa uso kama siku ya kwanza. Mara nyingine alipiga simu mwenyewe kuuliza, "Mzee anavaa au ameiweka kabatini?" Hajatoza hata shilingi ya marekebisho. Ukiniuliza asante kwa askari ina sura gani, nitakuonyesha kile kiti kilichovutwa mbele.

Wiki za mwanzo ni ngumu, msidanganyike. Ubongo uliokaa miaka arobaini bila sauti fulani umezisahau, ukizirudisha zinaonekana kelele. Baba alishtushwa na karatasi. Alishtushwa na kanga za mama zikipita, akauliza ni kitu gani kinachakarika. Mvua juu ya bati ilimfanya aivue na kuitupa kitandani. Ushauri tuliopewa: saa chache kwa siku, chumba kimya, mtu mmoja anaongea, kisha wawili, kisha redio. Mzee wa jeshi ukimpa ratiba anaifuata. Aliiandika nyuma ya kalenda ya kanisa na kuipigia alama.

Julai ikafika. Redio ilikuwa mezani, TBC, maadhimisho yanatoka Dodoma. Miaka yote baba hukaa karibu na redio siku hiyo, ameketi wima amevaa koti, na sisi tukidhani anasikiliza. Kumbe alikuwa anakaa tu kwa heshima, anajua saa gani wanafika wapi kwa kutazama saa ya ukutani. Safari hii tarumbeta lilipopigwa aliinamisha kichwa upande wa mashine. Lilipokwisha mama akamwuliza, "Umelisikia?" Akasema, "Huyu wa leo ameivuta mno ile ya mwisho." Mama akaenda jikoni. Mimi nikabaki na kazi ya kutazama dirisha.

Na kuna mwenzake. Mzee wa Uru, alikuwa askari wa miguu, walikutana Masaka na baada ya vita wakawa marafiki. Naye alikuwa haambiliki, sauti juu kama anahutubia. Alipoona baba amepata mashine akataka na yake, akauza dume la mbuzi, tukapanda naye kifodi mpaka mjini. Kijana akamchungulia masikio kwa taa, akasema, "Mzee, sikuuzii kitu leo. Una nta imekauka, imeziba pande zote mbili. Nenda hospitali wakakusafishe, halafu uje nikupime." Akaenda, akasafishwa, akarudi kupimwa. Usikivu umepungua kidogo kwa umri na risasi, lakini mashine hahitaji bado. Duka lilipoteza mauzo ya laki nane na nusu kwa kusema kweli. Mbuzi ndio alikuwa ameshakwenda.

Jumapili moja baadaye wale wazee walikaa chini ya mparachichi wa baba na kibuyu cha mbege. Nilikuwa napanga mitumba barazani. Wakaanza na vituo vyao, Kyaka, Mutukula, na mimi nikangoja waombe chai. Hawakuomba. Mmoja akataja jina la mtu, mwingine akaongeza la baba yake huyo mtu na kijiji. Kisha jina jingine. Nani aliangukia wapi, nani alikuwa anapenda kuimba, nani alikuwa ameoa wiki moja kabla ya kuondoka, nani yuko Kaboya. Kaboya ndiko yaliko makaburi ya askari wetu wa vita vile, wilaya ya Muleba. Majina mengi vile sijawahi kuyasikia katika nyumba ile tangu nizaliwe. Walikuwa wanayakumbuka yote miaka yote, ila mmoja hasikii na mwenzake naye hasikii, kila mtu akaona mwenzake ndiye asiyetaka kuongea. Sasa wanapanga safari ya Kaboya. Nimewaambia basi la Bukoba si la mchezo kwa magoti yale, wakaniangalia kama mwanamgambo aliyechelewa gwaride.

Turudi kwenye ubora wa kitu, nisije nikaonekana nimelipwa.

Mazuri: ndani ya nyumba, watu wawili watatu, inafanya kazi vizuri kabisa. Redio, ndiyo. Mahubiri, ndiyo, ikiwa anakaa mbele. Mtoto wa darasa la pili akimsomea kitabu anamfuata. Kizibo cha kuchonga kina tofauti kubwa na vile vya mpira vinavyokuja na boksi, msikubali cha boksi kwa sikio lililoharibika sana.

Mabaya: sokoni haifai. Nilimleta baba Memorial siku ya mnada wa marobota, akaizima mwenyewe baada ya muda mfupi. Upepo wa barabarani unavuma ndani yake. Akiegemea mto au akikumbatiwa inapiga mluzi, maana sauti inatoka na kurudi. Kizibo kikilegea inapiga pia. Simu ya kawaida anaiweka juu kidogo, karibu na mashine, siyo kwenye tundu la sikio, na hilo lilichukua muda kuzoeleka.

Betri ni zile ndogo za duara zenye kibandiko cha rangi, yake ni namba 13, kibandiko cha chungwa. Zinatumia hewa. Ukishabandua kibandiko imeanza kufanya kazi, hata ukikirudishia haisimami, kwa hiyo msibandue zote sita kwa udadisi kama alivyofanya mpwa wangu. Ukibandua iache kama dakika moja ipate hewa ndipo uiweke. Ya baba inakaa wiki moja na siku kadhaa. Usiku anafungua kijumba cha betri, unyevu utoke, na mashine inalala kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kukausha tunavyovikuta kwenye viatu. Kibosho Juni na Julai ni ukungu mtupu, bila hivyo ingeshakufa. Na mbali na watoto wadogo, mtoto akimeza betri ile ni hatari, mkimbize hospitali bila kungoja.

Sasa nyota niliyoizuia. Kwanza betri ziliwaishia. Tulikwenda hakuna, tukaambiwa mzigo uko njiani, kaka akatafuta Arusha akatuma kwa basi. Ukimwuzia mtu kitu kinachokula betri, uwe na betri. Pili, ngazi. Wateja wako ni wazee, magoti yameshapanda kila mlima wa Uganda, halafu unawapandisha ghorofani bila hata kishikio upande mmoja. Nililisema hilo kwa sauti. Walichofanya ni kuweka kiti cha plastiki pale ngazi zinapokata kona. Baba hukikalia kwa fahari, anasema ni kituo cha mapumziko, lakini kiti si kishikio. Bima nayo haikulipia kifaa, hilo si kosa la duka, nalitaja tu ili msije mkategemea.

Mkienda, mzee awe ameshasafishwa nta. Nendeni asubuhi, kipimo kinachosha na masikio yakichoka majibu yanaharibika. Aende na mtu anayeongea naye kila siku, kwa sababu kijana hutumia sauti ya huyo kurekebishia. Dai risiti iliyoandikwa namba ya kifaa, marekebisho ya bure yanafuata hiyo namba. Jumamosi wanafunga saa saba mchana. Na kama mzee wenu ni wa Kagera mwambieni kijana mapema kwenye simu, atamweka wa mwisho kwenye foleni ya asubuhi, maana akishamkalisha pale hamalizi kumwuliza.